Ndoo Si Mchezo

Binti wa jirani yangu pale Nkuhungu, Dodoma, aliacha rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, mwaka aliovunja ungo. Hakuna aliyemkataza hadharani. Jioni moja wenzake walisimamisha chupa katikati ya uwanja, wakagawana pande, wakamwita. Yeye akatoka ndani na ndoo kichwani, akapita pembeni kuelekea bombani bila kugeuka. Kesho yake vivyo hivyo. Baada ya miezi michache hawakumwita tena. Alikuwa na miaka 13.

Alipofika 15 nilimsikia mama yake akilalamika. "Huyu mtoto amekuwa mvivu, jirani yangu, sijui nimfanye nini. Akitoka shule ni kitandani. Ukimsemesha anajibu kwa mkato kama vile umemkosea. Hata nywele zake hazijali tena." Nilikuwa nimekaa barazani kwao nakunywa chai, na niliafiki. Nikasema watoto wa siku hizi ndivyo walivyo. Najuta jibu lile. Yule mtoto alikuwa anaumwa, na mambo mawili niliyoyaona kwa macho yangu, kuacha rede na kulala mchana kutwa, sikuwahi kuyaweka pamoja.

Nataka kuyaweka pamoja hapa, kwa uangalifu, kwa sababu ni rahisi pia kuyaunganisha vibaya.

Ugonjwa wenyewe kwa Kiswahili unaitwa sonona. Wengi wetu tunauchanganya na huzuni, au tunasema mtu "ana mawazo", au "ana stresi". Huzuni huja na sababu yake na huondoka na wakati. Sonona hukaa. Mtu anakosa raha, au anakosa hamu ya mambo aliyoyapenda, karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi, na pamoja na hayo usingizi unavurugika, chakula hakipiti au kinapita kupita kiasi, nguvu zinaisha, kichwa hakishiki masomo, na anajiona hana thamani. Kwa vijana kuna jambo moja linalowapoteza wazazi wengi: badala ya machozi, sonona huweza kuja kwa sura ya hasira. Mtoto anakuwa mkali, anajibu kwa mkato, anajifungia. Nyumbani tunaita jeuri.

Kabla ya balehe, wavulana na wasichana huugua sonona kwa viwango vinavyokaribiana. Kuanzia miaka 13 hadi 15 hivi njia zinaachana, na wasichana wanakuwa karibu mara mbili ya wavulana. Jambo hili limeonekana katika nchi nyingi zenye mila tofauti kabisa. Homoni zina sehemu yake. Ukatili na udhalilishaji wa kijinsia una sehemu kubwa. Iko pia tabia ya kurudia rudia mawazo machungu kichwani, ambayo wasichana huwa nayo zaidi. Sidai kwamba kukosa mchezo ndiko kunakoleta haya yote. Ninachosema ni kwamba katika umri huo huo ambao hatari inaongezeka, kuna kinga moja tunayomnyang'anya msichana kwa mikono yetu wenyewe, na tunafanya hivyo tukidhani tunamlea.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli ya mwili inayomfanya ahemeke. Mwaka 2019 watafiti wa shirika hilo walichapisha takwimu za nchi 146, zilizotokana na wanafunzi milioni 1.6. Kati ya vijana wa miaka 11 hadi 17, asilimia 81 hawakufikia kiwango hicho: wavulana asilimia 78, wasichana asilimia 85. Dunia nzima, basi, msichana anasogea kidogo kuliko kaka yake.

Na kusogea kunahusianaje na sonona? Utafiti ninaourudia mara nyingi ni wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2010. Watafiti waliwafuatilia wasichana 496 kwa miaka sita, wakiwapima kila mwaka. Walikuta kwamba waliokuwa na shughuli nyingi za mwili walikuwa na hatari ndogo ya dalili zao kuongezeka na ya kuugua sonona baadaye. Walikuta pia upande wa pili: wasichana waliokuwa na dalili za sonona walipunguza shughuli zao katika miaka iliyofuata. Kamba inavuta pande zote mbili. Kutosogea kunaukaribisha ugonjwa, na ugonjwa nao unaondoa nguvu ya kusogea.

Nimeusoma upande huu wa pili nikiwa na yule binti kichwani. Kile tulichokiita uvivu kilikuwa dalili. Mtoto anapoumwa malaria hatumwambii aache uvivu wa kutetemeka. Lakini mwenye sonona anaamshwa kwa maneno makali, anaambiwa "inuka ufanye kazi, utachangamka", na asipoinuka anaongezewa aibu juu ya ugonjwa. Aibu hiyo nayo inamrudisha kitandani.

Hapa najua msomaji wa Chamwino, Bahi au Kongwa atanisimamisha. Ataniuliza: wewe unazungumzia watoto wa Ulaya wanaokaa kwenye makochi. Binti yangu anaamka kabla ya jua, anachota maji, anafagia, anatembea kwenda shule ya kata na kurudi, anatafuta kuni, msimu wa mvua anapalilia uwele. Akilala usiku mwili mzima unamuuma. Huyo naye unasema hajasogea?

Swali hili ni zito, na ndilo lililonifanya niandike. Kama dawa ingekuwa ni misuli kufanya kazi na moyo kwenda mbio tu, basi wasichana wa vijiji vya Dodoma wangekuwa wamekingwa kuliko wasichana wote. Hawajakingwa. Mwaka 2017 jarida la American Journal of Preventive Medicine lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi na kuzigawa kulingana na aina ya shughuli: michezo ya muda wa mapumziko, safari za kwenda na kurudi, kazi za kipato, na kazi za nyumbani. Shughuli za mapumziko ziliambatana na afya njema ya akili. Kutembea au kuendesha baiskeli kwenda mahali, pia. Kazi za nyumbani hazikuonyesha uhusiano wowote. Shughuli za mwili kazini ziliambatana na hali mbaya zaidi ya akili.

Tuwe waangalifu hapa. Kazi ngumu huambatana na umaskini, na umaskini peke yake unatosha kumwinamisha mtu. Haiwezekani kusema kwa uhakika kwamba ndoo ndiyo inayoumiza na si maisha yanayoilazimisha ndoo. Hata hivyo matokeo hayo yanaelekea mahali ambapo akili ya kawaida nayo inaelekea. Mwili unaweza kutumia nguvu ile ile katika mambo mawili, lakini moyo ukapata vitu tofauti kabisa.

Tazama rede yenyewe. Wawili wanarusha mpira wa soksi kutoka pande mbili, wengine katikati wanakwepa, na katika kukwepa huko mmoja anainama haraka kujaza mchanga kwenye chupa. Ukipigwa unatoka, chupa ikijaa mmeshinda. Anayecheza hawezi kuwaza deni la baba wala maneno aliyotukanwa darasani, mpira utampiga. Yuko na wenzake, wanapiga kelele, wanagombana na kupatana ndani ya dakika mbili. Leo ameshindwa kukwepa, kesho ameweza, na ameona mwenyewe kwamba ameweza. Na kubwa kuliko yote, amekuja kwa hiari yake. Akitaka anaacha.

Ndoo haina hata moja ya hayo. Inabebwa kwa sababu maji yameisha. Haina ushindi, ikifika salama hakuna anayesifu, ikimwagika kuna anayegomba. Na mara nyingi inabebwa peke yako, njia ndefu, shingo imekakamaa, kichwa kikiwa huru kurudia yale yale mawazo. Nimeona wasichana wakigeuza foleni ya bomba kuwa sehemu ya kucheka na kusutana, na hapo naamini wanajitibu bila kujua. Lakini huko kucheka ni kwa kuiba.

Wataalamu wanaeleza pia yanayotokea ndani ya mwili: mazoezi husaidia usingizi, huongeza kemikali zinazotuliza maumivu na kuinua hali ya moyo, na huenda huchochea ukuaji wa chembe za ubongo katika eneo linalohusika na kumbukumbu na hisia. Sibishi. Ila mwili pekee haumalizi maelezo, na anayewauzia wazazi habari ya homoni za furaha bila habari ya hiari na marafiki anawauzia nusu ya dawa.

Dodoma ina msichana mwingine, na huyu idadi yake inaongezeka tangu Serikali ilipohamia hapa na mji kupanda kuwa jiji mwaka 2018. Huyu hachoti maji, bomba liko ndani. Anapelekwa shule kwa basi la njano, anarudishwa kwa basi la njano. Anakaa darasani, anakaa kwenye masomo ya ziada, anakaa mezani kwa kazi alizopewa na mwalimu, kisha anakaa na simu. Akiwa bweni, anakaa mpaka saa za usiku kwenye masomo ya kujisomea, na kadiri anavyokaribia kidato cha nne ndivyo uwanja unavyokuwa anasa. Geti limefungwa, na mzazi ameridhika kwamba mtoto yuko salama.

Kwa huyu, utafiti wa Bristol, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2020, unasema jambo la wazi. Vijana 4,257 walivaa kifaa kidogo kinachopima mtikisiko wa mwili wakiwa na miaka 12, 14 na 16, kisha wakapimwa dalili za sonona walipofika 18. Muda wa kukaa ulipanda kutoka dakika 430 kwa siku hadi 523 kati ya miaka 12 na 16. Shughuli nyepesi, yaani kutembea taratibu na mizunguko ya kawaida, zilishuka kutoka dakika 326 hadi 244. Kila saa moja ya ziada ya kukaa katika umri wa miaka 12 iliambatana na alama za sonona zilizo juu kwa asilimia 11 katika miaka 18. Kila saa ya ziada ya shughuli nyepesi, alama za chini kwa asilimia 10 hivi. Huko hata kuzunguka zunguka nyumbani kulihesabika kuwa na faida. Je, hilo linapingana na niliyosema kuhusu ndoo? Naona halipingani. Kifaa cha kiunoni kinapima mtikisiko, hakijui sababu yake, na mtoto wa Bristol aliyesimama alikuwa ametoka kwenye kiti. Mtoto wa Bahi aliyebeba ndoo hajatoka kwenye kiti. Ametoka kwenye mzigo mwingine.

Kwa hiyo tuna wasichana wawili, mmoja mwili wake umechoka na mwingine mwili wake umelala, na wote wawili wamenyimwa kitu kimoja. Mmoja hana muda wa kucheza kwa sababu ya kazi, mwingine kwa sababu ya mitihani na geti.

Neno linalofanya kazi hiyo ya kunyima ni fupi: "Umekua sasa." Kaka yake akikua anapata viatu vya mpira. Yeye akikua anapata kanga ya kujifunga kiunoni na orodha ya mahali asipotakiwa kuonekana. Sitaki kuwadharau wazazi wanaolisema, maana hofu yao ina msingi. Uwanja wa mtaani ni wa wavulana, kando ya uwanja kuna vijana wa bodaboda wenye maneno, na mwili unaobadilika unatazamwa na watu wazima wasio na haya. Mama anayemwita binti yake ndani saa kumi na mbili jioni anajua anachokiogopa. Lakini jibu letu siku zote limekuwa kumwondoa msichana uwanjani. Hatujawahi kuwaondoa wanaomsumbua.

Kuna mambo mengine madogo kwa macho ya wanaume ambayo yanatosha kumweka msichana pembeni miaka mitatu mfululizo. Sketi ya shule ambayo haiwezi kukimbilia. Kukosa sidiria inayomshika, akaona aibu kuruka kamba mbele ya watu. Hedhi, na hofu ya kuchafua nguo. Mwaka 2018 kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa kwenye taulo za kike, na mwaka uliofuata ikarudishwa. Katika nyumba ambayo pakiti moja inashindana na unga, msichana anaamua mwenyewe kwamba wiki hiyo atakaa. Kwa mabinti wa Kiislamu wa Kondoa na hapa mjini, kuna fikra kwamba stara na michezo haviendi pamoja, ilhali tangu 2014 hata FIFA inaruhusu hijabu uwanjani. Suruali ndefu na mikono mirefu havijawahi kumzuia mtu kukimbia.

Halafu kuna saa. Hapa kwetu kanda ya kati jua la mchana si la kuchezea, na kiangazi vumbi linapopanda hata mbuzi wanatafuta kivuli cha mbuyu. Jua linatua kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja hivi mwaka mzima. Muda unaochezeka unabaki asubuhi mapema na kuanzia saa kumi jioni mpaka giza. Sasa tazama ratiba ya msichana: asubuhi mapema ni maji na kufagia, saa kumi jioni ni maji na moto wa ugali. Saa zile zile. Kaka yake uwanjani anacheza katika muda ambao dada yake ameulipia. Nimekuwa nikisikia mijadala ya kujenga viwanja vya wasichana, na viwanja ni vizuri. Mpango mkuu wa mji wa Dodoma wa 1976 uliwaza jiji la watu wanaotembea kwa miguu na baiskeli, na maeneo ya wazi yaliyobaki yalindwe kwa wivu wote. Lakini uwanja bila saa ni kiwanja kingine cha wavulana.

Wako watakaosema mambo yanabadilika, na wana haki. Mwaka 2022 Serengeti Girls walikwenda India kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, mara ya kwanza kwa Tanzania, wakaifunga Ufaransa na kufika robo fainali. Mwaka 2023 wasichana wa shule ya Fountain Gate, ya hapa hapa Dodoma, walikwenda Durban wakarudi na ubingwa wa Afrika wa mashindano ya shule ya CAF. Nilishangilia kama kila mtu. Mabinti wale wamefungua midomo ya wazazi wengi waliokuwa wanasema mpira ni wa wanaume.

Ila bingwa si kipimo cha afya ya wengine. Mfumo wetu wa michezo shuleni, UMITASHUMTA kwa msingi na UMISSETA kwa sekondari, ni mfumo wa kuchuja. Unatafuta anayekimbia kuliko wote, unamchukua, unamnoa. Timu ya mpira wa pete ni watu saba. Ukiongeza wa akiba, bado shule nzima ya wasichana imesimama kwenye mstari ikipiga makofi. Msichana mnene, mfupi, mwenye haya, anayeumwa tumbo, asiyejua kudaka: huyo ndiye aliye karibu zaidi na sonona, na huyo ndiye anayechujwa raundi ya kwanza. Mwalimu wa michezo anayepimwa kwa makombe hana sababu ya kumtazama.

Na shuleni kuna jambo lingine linaloniuma zaidi. Mwili tunautumia kuadhibu. Umechelewa, ruka kichura. Umeongea darasani, zunguka uwanja mara kumi. Umeshindwa hesabu, chukua fyekeo. Mtoto anamaliza miaka kumi na moja ya shule akiwa amejifunza kwamba kukimbia na kuruka ni malipo ya makosa. Kisha akifika mtu mzima anaambiwa mazoezi ni raha, na anashindwa kuelewa raha hiyo imetoka wapi. Hata mchakamchaka wa asubuhi, ambao ukiimbwa vizuri ni kitu kizuri kabisa, watu mia wakipumua kwa pamoja, unageuka mateso pale anayebaki nyuma anapochapwa. Kuacha kutumia mwili kama fimbo hakuhitaji bajeti. Kunahitaji waraka mmoja wa mkuu wa shule na walimu wanaouheshimu.

Tukitafuta mfano, tusiende mbali. Wagogo wana muheme. Wanawake wanabana ngoma katikati ya mapaja, wanapiga kwa mikono, wengine wanacheza mbele yao, mabega na miguu havitulii, na jasho linatoka kweli kweli. Kila mwaka kwenye tamasha la muziki wa Cigogo kule Chamwino unaweza kuona bibi na mjukuu kwenye mstari mmoja. Hakuna anayechujwa kwa kuwa mnene. Hakuna anayekimbia peke yake. Muheme ulihusishwa na unyago wa wasichana, na najua kwamba upande huo wa historia una kisu ndani yake. Dodoma imekuwa kati ya mikoa yenye ukeketaji mwingi, asilimia 47 ya wanawake katika takwimu za kitaifa za 2015-16. Kisu kile kiachwe kabisa, na sheria iwafuate wanaokishika. Lakini ngoma haina kosa. Shule ya sekondari inayoshindwa kununua mipira kumi inaweza kupata ngoma tano na mama mmoja wa kijijini wa kufundisha, na wasichana arobaini wakacheza saa nzima mara tatu kwa wiki bila mshindi. Naliona hilo lina nafasi ya kufanikiwa kuliko mradi wowote wa kuleta mashine za mazoezi.

Nisiahidi kupita kiasi. Mwaka 2023 jarida la JAMA Pediatrics lilichapisha uchambuzi wa majaribio 21 yenye watoto na vijana 2,441, ambapo waliopewa programu za mazoezi walilinganishwa na wasiopewa. Dalili za sonona zilipungua kwa waliofanya mazoezi, na nafuu ilikuwa kubwa zaidi kwa waliozidi miaka 13 na kwa waliokuwa tayari wamegundulika kuugua. Nafuu yenyewe ilikuwa ya kiasi, si ya muujiza. Na katika majaribio machache yaliyorudi kupima baada ya programu kwisha, tofauti haikuonekana tena. Kwangu hiyo inamaanisha kwamba bonanza la siku moja, lenye fulana na hotuba, halimsaidii mtu. Mchezo lazima uwe sehemu ya wiki, kama sala na sokoni.

Inamaanisha pia kwamba binti ambaye tayari anaumwa asiambiwe "kacheze" akaachwa hapo. Apelekwe kwa mtaalamu. Na hapa Dodoma kupelekwa kwa mtaalamu kuna kizuizi chenye jina. Hospitali ya Mirembe, iliyofunguliwa enzi za Waingereza katika miaka ya 1920, ni hospitali ya taifa ya afya ya akili na ina watu wanaoijua kazi yao. Lakini nchi nzima jina hilo ni tusi. Watoto wanataniana kwalo, watu wazima wanatishana kwalo. Mzazi wa Nkuhungu anaweza kuishi jirani na msaada mkubwa kuliko wote nchini, akaacha kwenda kwa sababu ya kile watakachosema watu wakimwona pale getini. Kwa Kiganda neno mirembe maana yake ni amani. Anayeogopa geti lile aanzie kituo cha afya au hospitali ya rufaa ya mkoa. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, bila malipo. Na msichana akisema hataki kuishi, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga, asiachwe peke yake hata saa moja. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, iwe mchana au usiku.

Yule binti wa jirani alipelekwa hatimaye, na shangazi yake aliyekuja kutoka Mpwapwa kwa msiba akamkuta alivyo. Anaendelea na ushauri nasaha. Shangazi alibaki mwezi mzima, na kila jioni alipita kitandani kwake. Siku za mwanzo niliwasikia kupitia dirishani.

"Inuka mama, unisindikize dukani."

"Shikamoo shangazi. Nimechoka."

"Marahaba mwanangu. Najua umechoka. Tutaenda polepole, tukifika kwenye mwarobaini tunarudi."

Siku nyingine walifika kwenye mwarobaini, siku nyingine hawakuvuka mlango. Shangazi hakugomba. Wiki ya tatu walivuka mwarobaini wakafika barabarani, wakakaa kwenye jiwe wakala karanga, wakarudi giza likiingia. Hajarudi kwenye rede, na pengine hatarudi. Wenzake wenyewe wamekua, na mmoja mmoja wameshika ndoo. Kabla hajaondoka, shangazi alizungumza na kaka yake, baba wa binti, nyuma ya nyumba kwa muda mrefu. Tangu hapo maji ya jioni anachota mtoto wa kiume, kwa baiskeli, madumu mawili kila safari. Mama yake bado hajalizoea.